Mashine ya Kitanda cha Tisa

Vijana mnaoanza uuguzi, marahaba. Najua hamjanisalimu bado, lakini mngekuwa mbele yangu mngesalimu, kwa hiyo nimetangulia kuitikia. Nimestaafu. Nalima vitunguu saumu huku Mbulu juu, na mtu akipita barabarani anachechemea, bado naangalia nyonga yake kabla ya uso wake. Kazi haimtoki mtu kwa barua ya kustaafu.

Juzi binti wa jirani, muuguzi mpya, alinionyesha kwenye simu picha ya mkanda wa kisasa wa kufungia nyonga iliyovunjika. Mzuri kweli. Unabana, na ukifika kipimo unalia ta! Nikamwambia, mwanangu, sisi tulikuwa na mashine bora kuliko hiyo. Ilikuwa inaimba. Alinitazama vile mnavyotutazama mkitafuta dalili za kwanza za kuchanganyikiwa. Basi naandika, ili nisisingiziwe.

Kwanza somo, maana bila somo hamtaelewa kichekesho. Fupanyonga ni duara la mifupa, kama ukingo wa beseni. Ndani yake kuna mishipa mikubwa, na mtu anaweza kuvuja damu nyingi mle ndani huku shuka lake likibaki jeupe. Kwa hiyo humbiringishi, humtikisi, wala huijaribu nyonga kwa mikono uone kama inacheza. Inacheza. Amini hivyo, uifunge.

Uifunge wapi? Mimi mgonjwa wangu wa kwanza nilimfunga shuka kiunoni, nikakaza vizuri, nikapiga na fundo la kupendeza. Metroni wetu, Mama Emiliana, mama mfupi ambaye hata madaktari walikuwa wanampisha kwenye korido, akaja akasimama, akatazama.

"Paskalina, huyu umemvalisha anakwenda kanisani?"

Akanishika mkono, akaubandika kwenye paja langu mwenyewe, juu kabisa kwa nje, pale penye kifundo kigumu. Akasema hapa, pande zote mbili, magoti pamoja na miguu pamoja. Wodi nzima ilikuwa inacheka, hata mgonjwa mwenyewe kidogo. Sijakosea tena tangu siku hiyo. Aibu ni mwalimu mzuri, ila msiitumie kila siku.

Mama Emiliana alikuwa na msemo wake: "Mfupa unajiunga wenyewe. Kinachoua ni kulala." Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kisha akaja kijana mmoja aliyeanguka kutoka kwenye lori, nyonga imepasuka. Niliogopa sana kumnyanyua, nikawa namsafisha pembeni pembeni, namwonea huruma. Kidonda cha mgongoni, pale juu ya makalio, nilikijua kwa harufu kabla ya kukiona kwa macho. Yule kijana alikufa na mfupa wake umeunga vizuri kabisa. Ilikuwa huruma yangu iliyomuua, na mpaka leo nikikumbuka naweka jembe chini. Katika haya yote, huyo simcheki.

Sasa Mzee wa Dirma.

Aliletwa kwenye lori la mahindi, amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu imefungwa pamoja kwa kamba ya kufungia ndama. Nani aliyewafundisha kufunga miguu, sijui, lakini walimsaidia sana. Dume la ng'ombe lilikuwa limetoka zizini ghafla likambana kwenye nguzo ya lango. Wanawe wote walikuwa mbali, wamehamia na mifugo kusini huko. Aliyekuja naye alikuwa mke wa mwanawe, Udameda, mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Alikaa nje ya mlango wa wodi, ameipa wodi mgongo.

Nikamfuata na faili. "Mgonjwa anaitwa nani?"

Akazungusha bangili zake.

"Mama, jina la mgonjwa."

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi."

Kumbe katika ukoo wao mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe hata kidogo. Hamsogelei, hamgusi, hamtazami usoni. Sisi Wairaqw tunawaheshimu wakwe pia, lakini hawa Wabarbaig wametupita mbali. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa amezimia nusu. Nikaandika kwenye faili kijiji alikotoka: Mzee wa Dirma. Nami hapa nitamwita hivyo hivyo, maana nikilitaja jina Udameda atajua, na ana mikono yenye nguvu.

Siku hizi nyonga kama ile tunaifunga tu, kisha inapelekwa hospitali kubwa ikatiwe vyuma. Sisi tulikuwa na bembea. Ni turubai pana linalopita chini ya makalio, ncha zake zinapanda juu kwa kamba, zinapita kwenye roda, vile vigurudumu vilivyofungwa kwenye fremu juu ya kitanda, kisha mwishoni inaning'inia mifuko ya mchanga. Mchanga unavuta, turubai linabana nyonga pande zote, mgonjwa anaelea kidogo tu, kiasi cha kiganja chako kupita kati yake na godoro. Anaelea hivyo wiki nane. Wageni wakija kumwona, kila mmoja anaionea huruma ile mifuko, anaiinua na kuiweka juu ya stuli ipumzike. Niliandika bango: USIPUMZISHE MCHANGA. Walilisoma kwa sauti, wakakubaliana nalo, wakaupumzisha.

Tatizo halikuwa bembea. Tatizo lilikuwa bedpani, kile chombo cha kujisaidia kitandani. Mgonjwa wa namna hii humgeuzi ubavu. Unamnyanyua moja kwa moja juu, mwili wote kwa pamoja, mwenzako anapitisha bedpani na kuangalia ngozi. Inataka watu wanne. Mhudumu wa kiume tulikuwa naye mmoja, naye alikuwa likizo. Tuliobaki tulikuwa wanawake, na Mzee, mara alipopata fahamu zake vizuri, aliangalia jeshi letu la magauni linamjia na bedpani, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Nyie ni watoto wangu," alisema. "Hakuna."

Tukadhani atazoea. Hakuzoea. Alifanya jambo la akili na la hatari: aliacha kula. Asipokula, hatahitaji. Uji alikataa, maji alikataa. Mkojo kwenye mpira ukawa mweusi kama chai ya rangi. Siku ya pili midomo imepasuka, na hataki kunyanyuliwa, na mimi naiona akilini ile ngozi ya mgongo ikianza kubadilika. Niliogopa. Nilimwona yule kijana wa lori amelala pale pale.

Nikatoka kwenda kufua, maana nikiogopa huwa nafua. Nikamkuta Udameda kwenye karo anakoroga maji kwa kidole, hafui chochote.

"Sista, anakula?"

"Hali."

Akasema, polepole, kwa Kiswahili chake kilichokatika katika: "Lango la zizi, jioni ile, nilifunga mimi. Asubuhi dume limetoka. Akifa, ni mimi. Hata wasiposema, ni mimi."

Tunasoma miaka mitatu na hakuna somo la kujibu hilo.

"Ile kamba yenu," akaendelea, "inavutwa kama ya kisima?"

Nikamtazama ile mikono. Kwao visima ni virefu, na maji ya ndama wote hutoka chini kwa kamba, ndoo baada ya ndoo, naye kavuta tangu akiwa msichana. Huyu mwanamke alikuwa amenyanyua uzito wa Mzee mara nyingi kuliko sisi wote, ila ulikuwa maji.

Nilikwenda kwa Mama Emiliana nikiwa tayari kufukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Mkwe haruhusiwi kumgusa. Kamba anaruhusiwa?"

Basi tukaleta pazia la magurudumu, lile la kijani, tukalisimamisha kichwani mwa kitanda cha tisa. Kamba ya bembea tukairefusha, tukaipitisha kwenye roda ya ziada, ikaishia nyuma ya pazia. Tukamwingiza Udameda kwa mlango wa nyuma, kajifunika kichwa. Bangili zilikuwa zinagongana, kwa hiyo Mama Emiliana akamfunga bandeji mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Mtu angemwona angedhani ndiye mgonjwa. Mzee tukamfunika vizuri kwa shuka, na mimi nikasimama na bedpani nyuma ya mgongo kama mwizi.

"Moja, mbili, juu!"

Mzee wa Dirma akapanda. Hakutikisika. Alipanda taratibu, kimo cha shubiri, kama kifuniko cha sufuria kinavyoinuliwa na mtu mwangalifu. Sisi watu wanne hatukuwahi kumnyanyua mgonjwa hivyo. Na nyuma ya pazia ukaanza wimbo, chini chini, wa Kibarbaig. Kumbe hawezi kuvuta kamba bila kuimba, kwani ndivyo kazi ile inavyofanywa.

Mzee alitazama juu kwenye fremu. "Nani anavuta?"

Hapa ndipo nilipodanganya, na nimeungama kanisani. "Mashine, Mzee."

"Ya serikali?"

"Ya serikali."

Akafikiri, huku ananing'inia. "Inaimba."

"Ni ya kisasa."

Kisha akasema, "Sawa. Nyie geukeni huko. Na leteni uji."

Tangu hapo akawa anakula. Mara tatu kwa siku mashine ilimpandisha, nami nikapata nafasi ya kuisafisha ngozi, kuikausha, kuipapasa kwa kiganja, na visigino pia, msisahau visigino, watu wengi wanaangalia mgongo tu kisha wanashangaa kisigino kimeoza. Nilimfanyisha mazoezi ya kupumua, nikampulizisha glavu mpaka zikajaa kama viwele. Alipenda hilo. Alipanga glavu zake dirishani, akazipa majina ya ng'ombe.

Na mashine aliisifia kwa kila mtu. Asubuhi moja akaniambia, "Leo mmeipaka mafuta? Jana ilikuwa inagonga gonga, leo imetulia." Siku hiyo tulikuwa tumembadilishia Udameda bandeji. Siku nyingine: "Leo imechoka. Ipumzisheni, nami nitasubiri."

Halafu akaja mkaguzi kutoka juu, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Alipofika kitanda cha tisa, Mzee akamshika mkono. "Bwana mkubwa, mashine hii ni nzuri sana. Muilete na Dirma."

Mkaguzi akafungua daftari la vifaa. Hakuna mashine. Akanitazama. "Iko wapi?"

Nikaonyesha pazia. Akachungulia. Nyuma yake palikuwa na mwanamke mrefu amesimama, kajifunika kichwa, mikono imefungwa bandeji, kamba mkononi, haongei kwa sababu mkwe yuko karibu. Mkaguzi alitazama kwa muda, akatazama kamba, akaifuata kwa macho mpaka kwenye roda, mpaka kwa Mzee, aliyekuwa anampa tabasamu. Sijui alielewa nini. Alirudisha pazia kwa adabu, akaandika, na nilisoma kwa kupitia bega lake: "Mashine ya kunyanyulia, moja. Inafanya kazi." Daktari wetu alipoliona daftari alikuja kuniuliza kwa nini haambiwi vifaa vipya vikifika.

Wiki ya tano mashine haikuja. Nilimkuta Udameda anatetemeka chini ya paa la jiko la wagonjwa, malaria imemshika vibaya. Tukajaribu kuvuta wenyewe, mimi na wenzangu wawili. Tulimpandisha Mzee upande mmoja kwanza, tukashtuka, tukamshusha kwa kishindo. Alikunja uso kwa maumivu.

"Mashine imelewa," alisema meno yameumana.

"Samahani Mzee. Imeharibika."

"Ina nini?"

"Malaria," nikasema. Lilinitoka tu, nilikuwa nimechoka. Nikasubiri aniite mwongo.

Mzee hakuniita chochote. Alichukua kikombe chake cha maziwa, alichokuwa bado hajakigusa, akanisogezea. "Ipeni hii. Na dawa. Isifanye kazi mpaka ipone." Siku tatu zile za malaria alikubali sisi wanawake tumnyanyue, blanketi limefunika uso wake wote, anatutukana kwa Kibarbaig chini yake. Na kila mlo alituma maziwa kwa mashine. Nami nilikuwa nayapeleka, nikisema, "Asante, mashine inashukuru," kama kichaa, na yeye anaitikia, "Haya."

Mnaona? Tulikuwa watu wazima wote. Na hakuna aliyethubutu kusema kile ambacho hata panya wa wodi walikuwa wanajua.

Lakini Udameda hakuwa anacheka. Aliporudi alikuwa amekonda, na kila akimaliza kuvuta, ananiuliza swali lile lile: "Atatembea?" Nilisema tutaona. Muuguzi asiahidi mfupa. Mtu anaweza kuunga na bado mguu mmoja ukawa mfupi, au asisimame kabisa. Kwa Udameda, kutosimama kwa Mzee kulikuwa na maana moja tu, na ilikuwa imefungwa kwenye lile lango.

Wiki nane zikaisha. Picha ya mifupa ikaonyesha imeunga. Tukapunguza mchanga kidogo kidogo, tukamketisha, akaona kizunguzungu, tukamrudisha. Wiki nyingine ya kuketi, ya kuning'iniza miguu, ya kusimama tumemshika. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa, hauna hata alama. Niliutazama nikatoka nje nikalia, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule kijana mwingine.

Siku ya kuruhusiwa wazee wawili wa kwao walikuja kumchukua. Mzee alisimama mwenyewe kwa magongo. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, anaburuza kidogo mguu wa kushoto. Wagonjwa wakapiga makofi. Niliangalia pazia, ambalo pamoja na bembea hatukuwa tumeliondoa. Halikutikisika, lakini chini yake niliona vidole vya miguu vimejikunja kwenye sakafu.

Nilidhani atakwenda mlangoni. Hakwenda. Alirudi kitanda cha tisa, akasimama mbele ya pazia, hatua mbili nyuma kama inavyotakiwa, uso kaugeuzia dirishani kwenye glavu zake.

"Naaga mashine," alisema.

Wazee wenzake wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mzee aligongwa kichwani pia.

"Sista," Mzee akaniambia, "wewe hujui lugha yetu. Mashine yenu imeimba wiki nane, na kila siku ni wimbo mmoja. Inaimba habari ya lango."

Mimi miezi ile yote nilidhani ni wimbo wa kunywesha ndama.

Kisha akaliambia pazia, kwa Kiswahili, nadhani ili na wale wazee na mimi tuwe mashahidi, na pia kwa sababu kwa Kiswahili alikuwa hasemi na mkwe, alikuwa anasema na kifaa cha serikali:

"Mashine. Fito la lango nililitoa mimi, alfajiri, nikachungulie ndama. Sikulirudisha. Lango halikuwa na kosa la mtu mwingine. Wimbo huo uache. Na yule mtamba mwekundu mwenye baka kwenye paji, aliyezaliwa mvua iliyopita, ni wako. Mashahidi ni hawa."

Baadaye, nikimsindikiza kwenye gari, nilimuuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli alilitoa fito lile. Alinitazama kwa ukali. "Sista, wewe shughulika na mifupa." Kwa hiyo sijui, na sitajua.

Lakini hiyo ni baadaye. Turudi wodini. Nyuma ya pazia hakuna aliyejibu, kwani mkwe hamjibu mkwe. Mzee akasubiri, ameegemea magongo. Nikataka kumwambia aketi.

Ndipo kamba ikakaza. Bembea ya kitanda cha tisa, tupu, haina mtu, ikapanda taratibu bila kutikisika, kimo cha shubiri. Ikakaa hapo kidogo. Ikashuka.

"Imesikia," Mzee akasema, akageuza magongo yake, akaenda nyumbani.